Kindle ya mtumba haiingizi chaji? Jaribu haya kabla ya kumlipa fundi

Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, ikikaa miezi mingi bila kutumika betri huisha kabisa. Ukiichomeka, kioo hakionyeshi chochote. Wasikilizaji wetu, msiitupe. Tunashauri muanze hivi.

Kwanza, jaribu waya na kichwa cha chaji kwenye simu inayotumia waya wa aina hiyo. Simu nayo isipoingiza chaji, tafuta vingine.

Pili, mulika tochi kwenye tundu la chaji. Kama kuna vumbi, litoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano.

Tatu, iache kwenye chaji saa kadhaa. Wenye sola, chajini kupitia betri ya sola. Ukiunganisha moja kwa moja na paneli, wingu likipita chaji hukatika.

Nne, ikiwa bado kwenye chaji, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40, kisha achia. Vitabu havifutiki.

Lakini ukiona mgongo umevimba au kifaa kinachemka, chomoa mara moja na usikichaji tena. Betri hiyo ikitobolewa huweza kuwaka moto. Hapo mpelekee fundi.