Baridi ya Greenland katika tope la Masoko

Tukuyu ni mji wa mvua. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Nyasa, hupanda miteremko ya Mlima Rungwe, hupoa, kisha humwaga maji juu ya migomba na chai. Hiyo ndiyo sababu iliyo karibu. Iliyo mbali imehifadhiwa chini ya Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, ziwa la kasoko lililo kusini mashariki mwa mji.

Tope la ziwa hilo hutulia tabaka juu ya tabaka, pamoja na chavua za miti na nyasi za jirani. Watafiti kutoka Ufaransa na wenzao walilichimba, na mwaka 2007 Yannick Garcin na wenzake wakachapisha waliyoyasoma humo. Takriban miaka 12,900 hadi 11,700 iliyopita, Masoko ilikuwa na miti mingi na kiangazi chepesi. Kisha ghafla chavua za miti zikapungua na za nyasi zikaongezeka, maana kiangazi kilikuwa kirefu na kikali.

Miaka hiyohiyo imeandikwa katika barafu ya Greenland. Kaskazini ilirudi kwenye baridi kali, halafu ikapata joto ndani ya miongo michache tu.

Kinachounganisha sehemu hizo mbili ni ukanda wa mvua za tropiki, ambao huelekea upande wa dunia wenye joto zaidi. Ndiyo maana hutufikia Novemba na kutuacha ifikapo Juni. Barafu ikitanda kwenye bahari za kaskazini, upande huo hupungukiwa joto. Hewa ya juu hulivusha joto la kusini kwenda kufidia upungufu huo, na ile ya chini, iliyobeba unyevu, hurudi kusini. Ukanda mzima husogea, nao hukawia juu ya Rungwe.

Kusini nako kuna mkono wake. Baridi ya Juni na Julai huzidi pale hewa kutoka bahari zinazoizunguka Antaktika inapopita Afrika Kusini na mgandamizo mkubwa kuisukuma kupitia Msumbiji hadi Nyasa. Malawi upepo huo huitwa mwera.

Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Mvua ikichelewa mwaka mmoja, chanzo kitafutwe kwanza Bahari ya Hindi na El Niño. Lakini anayepanga mashamba ya chai ya miaka hamsini ijayo aiangalie pia kaskazini, kwa sababu Masoko ilipobadilika, ilibadilika upesi.