MIFUPA ILIYO UHAMISHONI

Katika Nyanda za Juu Kusini, tangu Rungwe mkoani Mbeya, ambako Wamoraviani walijenga misheni mwaka 1891, hadi Iringa, habari za Nabii Yeremia na Nabii Ezekieli zimehubiriwa kwa zaidi ya karne moja. Wasomaji wetu wa visiwani, kama sisi, walikutana na Bani Israili chuoni, katika Sura ya 17 ya Kurani, isemayo kwamba walifanya uharibifu katika nchi mara mbili, wakaadhibiwa. Wafasiri wengi huihusisha adhabu ya kwanza na kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 586 K.K., watu walipochukuliwa mateka Babeli.

Manabii wale waliwakemea kwanza wafalme wao wenyewe, kwa dhuluma waliyowafanyia wajane na mayatima. Lakini hawakumpa mtekaji hati ya kumiliki mateka. Yeremia, aliyetangaza adhabu, ndiye aliyetangaza pia kwamba Babeli nayo itahukumiwa na waliohamishwa watarejea. Ezekieli, naye akiwa mateka, aliona bonde lililojaa mifupa mikavu, ikaungana, ikasimama. Mwaka 539 K.K. Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli, na njia ya kurudi ikafunguka.

Asimamaye Kalenga, Iringa, haoni bonde lile kuwa fumbo tu. Hapo ilikuwapo ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 19 Julai 1898, akajiua asitiwe mikononi mwao. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru fuvu hilo likabidhiwe. Wahehe wakangoja miaka 35 zaidi. Gavana Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo. Wapo wanaotia shaka hadi leo kama ndilo. Shaka hiyo nayo, kwa maoni yetu, ni sehemu ya dhuluma ileile: aliyechukua ndiye aliyepoteza alama.

Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023. Hata hivyo mabaki ya watu wetu bado yamo katika makusanyo ya huko. Twawataka maofisa wenye dhamana ya mambo ya kale watangaze orodha ya yote yanayojulikana, kwa mahali yalikotwaliwa, na wawaite wazee wa koo tangu sasa, wasiwaache kupata habari siku ndege inapotua.