Lugha ya Tangazo la Kazi Hewa

Mwanafunzi akishahitimu, aghalabu simu yake huanza kupokea ujumbe wa kazi ambazo hakuziomba. Ujumbe huo una sarufi yake. Kauli ya kutendwa ndiyo hutawala: "Wanatakiwa vijana", "Umeteuliwa". Mtenda hufichwa, hajulikani anayetaka wala aliyeteua. Majukumu hutajwa kijuujuu, ilhali mshahara huelezwa kinaganaga. Kisha huja ada: ya usajili, ya uchunguzi wa afya, ya mafunzo, nazo sharti zitumwe kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi kabla ya jua kutua. Haraka hiyo ndiyo silaha kuu, kwani humnyima msomaji fursa ya kuuliza.

Anayeuliza ana pa kuanzia. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa. Hata hivyo, jina kuonekana orodhani halitoshi (matapeli hujivika majina ya wenzao wa haki), hivyo ni bora wakala mwenyewe atembelewe ofisini, si kupigiwa kwa nambari iliyo katika tangazo.

Hasara si pesa pekee. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya vijana kuhusu kazi za Thailand. Waliozikubali walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu wa mataifa mengine mtandaoni. Tangazo liliwaahidi kuhudumia wateja. Viza walizosafiria wengi wao zilikuwa za utalii.