Mũndũ anapogeuka mÅ©ndÅ©: Tusiilaumu fonti

KISWAHILI kina bahati moja ambayo sisi wasemaji wake hatuitambui. Tunaandika kwa herufi za Kirumi zilizo tupu, bila viwimbi wala vitone juu ya irabu. Wenzetu wanaoandika Gĩkũyũ na Kĩkamba hawana raha hiyo. Kwao, ĩ na ũ ni irabu kamili, tofauti na i na u.

Tuseme mhariri wa kamusi ya Gĩkũyũ ameweka vidahizo vyake katika faili ya XML. Programu ya Java inaisoma faili hiyo na kuigeuza kuwa ukurasa wa kuchapishwa. Kumbe neno mũndũ, yaani mtu, limetoka likiwa mÅ©ndÅ©! Wengi hapo huilaumu fonti, nayo haina hatia.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka wa 1992, herufi ũ huchukua baiti 2: C5 na A9. Katika mfumo mkongwe wa Latin-1, kila baiti ni herufi nzima. C5 ni Å, na A9 ni ©. Basi aliyeandika alitumia mfumo mmoja, aliyesoma akatumia mwingine.

Hebu tutazame dalili, maana hazifanani. Ukiona Å©, shukuru. Baiti zenyewe bado zipo, zimesomwa vibaya tu. Ukiona m?nd?, hapo pana msiba. Latin-1 haina ũ, kwa hivyo Java iliweka alama ya kuuliza mahali pake na irabu ikapotea. Itabidi urudi kwenye faili asilia. Ukiona ũ usishtuke, kwani hiyo ni nambari ya ũ katika Yunikodi, na msomaji yeyote wa XML ataigeuza kuwa ũ tena.

Kiswahili nacho hakijasalimika kabisa. Ritifaa ya ng’ombe, ikiandikwa kwa programu zinazoipinda, si alama ya kawaida tena. Katika UTF-8 ni baiti 3, na zikisomwa kwa mfumo wa Windows-1252 tunapata ngâ€™ombe. Kinyume chake ni kibaya zaidi: faili ikihifadhiwa kwa Windows-1252 huku mstari wake wa kwanza ukidai ni UTF-8, Java hugoma kabisa na kulalamika kuhusu baiti isiyo halali.

Kosa hasa hutokea wapi? Mara nyingi ni kwenye FileReader na FileWriter. Usipozitajia mfumo, hizo hufuata ule wa kompyuta yenyewe na kupuuza kile ambacho XML imetangaza. Ndiyo sababu kazi hunyooka kwenye mashine moja na kuharibika kwenye nyingine. Tangu Java 18, iliyotoka 2022, mfumo wa msingi ni UTF-8 kila mahali, lakini matoleo ya zamani yangali yanatumika ofisini.

Dawa ni kuipa Java baiti zenyewe kupitia InputStream, ili isome tangazo la XML na kuamua, kisha matokeo yaandikwe kupitia OutputStream, mfumo ukiwa umetajwa waziwazi. Kabla ya kuchapa kamusi nzima, pitisha faili ndogo yenye maneno mawili tu: mũndũ na ng’ombe.