Bodaboda: Neno Lililozaliwa Mpakani

Mjini Thika, kando ya mto Chania, hakuna mpaka wa nchi wala afisa wa forodha. Hata hivyo, kila anayeita pikipiki ya abiria hapo huutaja mpaka mara mbili: boda, boda. Wapo walimu wanaolikata neno hili kwa wino mwekundu wakidai ni la mitaani. Makala hii inadhamiria kulitetea kwa kueleza chimbuko lake.

Chimbuko hilo ni Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Malori ya shehena kutoka Mombasa yalisimama mara mbili: upande wa Kenya kwa idhini ya kutoka, kisha upande wa Uganda kwa idhini ya kuingia. Abiria naye alishuka garini akabaki na mizigo yake, na mwendo wa miguu kati ya vituo viwili. Vijana wenye baiskeli wakaiona riziki. Wakawa wakinadi safari ya kutoka boda hadi boda. Uradidi huu, kwa maoni yangu, si wa msisitizo kama ule wa "polepole", bali unataja vituo viwili halisi.

Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Sasa msafiri na lori hukaguliwa mara moja tu, katika nchi wanayoingia, ambako maafisa wa nchi zote mbili huketi pamoja. Wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye pikipiki na kufika Ruiru na Thika.