Barabara mbaya msituni, maradhi mjini

UMEWAHI kufungua mfereji wakati wa mvua za masika na kuona maji yenye rangi ya uji wa wimbi yakitoka? Wengi wetu hulaumu mabomba makuukuu, na mara nyingine ni kweli yamepasuka. Lakini safari ya tope hilo huenda ilianza mbali sana, kwenye mteremko msituni ambako lori la magogo lilipita wiki iliyotangulia.

Wakazi wa Nairobi hunywa maji ya milimani. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Bwawa hilo hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, inayoteremka kutoka msitu wa Aberdare. Bwawa la Sasumua, lililojengwa katika miaka ya 1950, pia hutegemea milima hiyo hiyo. Kwa hivyo afya ya mtoto wa Kayole au Kawangware imefungamana na jinsi msitu huo unavyotunzwa.

Tope hutoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba mti unapokatwa, ndipo udongo unapoanza kusombwa. Ukweli ni kwamba kisiki na mizizi hushika udongo kwa muda baada ya mti kuanguka, na majani yaliyotapakaa chini hupunguza makali ya matone ya mvua. Mkosaji mkubwa ni barabara. Tingatinga likichonga njia kwenye mteremko, huacha udongo mtupu. Magurudumu ya lori na trekta huushindilia, maji yasiweze kupenya. Mvua ikinyesha, yale mapito ya magurudumu hugeuka mifereji na kupeleka udongo mwekundu moja kwa moja mtoni.

Magogo yanapoburutwa kuvuka kijito huchimbua kingo zake. Mafuta ya msumeno na dizeli yakimwagwa karibu na maji huteremka nayo. Na wakataji wakipiga kambi ukingoni mwa mto bila choo, kinyesi chao humfikia mwenzao aliye chini.

Hatari kwa afya

Je, tope kidogo lina ubaya gani, hasa kama maji yametiwa dawa? Lina ubaya mkubwa. Viini vya magonjwa hujificha ndani ya chembechembe za udongo, klorini isivifikie. Isitoshe, mabaki ya majani na mboji huimaliza klorini hiyo kabla haijafanya kazi yake. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kwamba maji yasizidi kipimo 1 cha utope kabla ya kutiwa klorini, ilhali jicho la binadamu huanza kuliona tope kwenye kipimo cha 4 hivi. Maji yanaweza kuonekana meupe na bado yakawa yamevificha viini.

Kiwanda cha kusafisha maji kikipokea tope jingi, hulazimika kutumia shabu nyingi zaidi kulituliza na kuosha vichujio mara kwa mara. Likizidi, maji hupunguzwa au kufungwa kabisa. Hapo mfereji hukauka, na mama wa nyumbani hununua mtungi kwa mchuuzi asiyejua alikoteka maji. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupata nafasi kwa njia hiyo.

Kukata bila kuharibu

Hatusemi mbao zisikatwe. Sote tunahitaji milango, vitanda na madawati ya shule. Februari 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, hatua iliyopingwa mahakamani. Lakini hata pale ambapo kukata kunaruhusiwa, swali kubwa ni namna ya kukata.

Wataalamu wa misitu wanazijua njia zifaazo. Barabara zipitie juu ya vilima au pahali penye mteremko mdogo, mbali na mto. Zikilazimika kuvuka mto, zivuke mara chache, kwa kuukata mto moja kwa moja, na pawe na daraja au kalvati ya kutosha maji ya mafuriko. Kila baada ya mita kadhaa kuchongwe mtaro wa kuyatoa maji barabarani na kuyamwaga kwenye nyasi au vichaka, si mtoni. Nyasi na vichaka hivyo huyachuja.

Ukingo wa mto uachwe na miti na nyasi zake. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukingo wa kati ya mita 6 na 30 kila upande usioguswa. Magogo yaburutwe wakati wa kiangazi, na matawi yatandazwe kwenye mapito. Mafuta yawekwe mbali na maji, na kambi iwe na choo. Kazi ikiisha, njia zisizohitajika zifungwe na kupandwa nyasi, kisha miti ipandwe upya.

Ufanyeje nyumbani?

Maji yakija na tope, yaache yatulie chomboni. Yamimine polepole kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kisha yachemshe hadi yatokote kabisa, na uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Ukitumia dawa ya klorini, soma maagizo: maji yenye tope kwa kawaida huhitaji kipimo maradufu. Yakinuka dizeli usiyanywe, kwani kuchemsha hakuondoi mafuta.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Endelea kumnyonyesha au kumlisha. Macho yakididimia, akilegea au akihara damu, mkimbize kituo cha afya.

Kuchemsha maji kila siku ni gharama ya makaa au gesi, na asiye na uwezo ndiye huumia kwanza. Mtaro mmoja uliochongwa vizuri kando ya barabara ya msituni huwakinga maelfu ya watu wasioujua msitu huo. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya maji yetu huanzia mlimani.