Raheli Asifie Njiani

Raheli alishikwa na uchungu wa kumzaa Benyamini akiwa safarini, karibu na Efrata. Mkunga alikuwepo na alimtia moyo, lakini uzazi ulikuwa mzito, akafia njiani (Mwa 35:16-20).

Huku Kilema, mama aliyejifungua kwa upasuaji mara ya kwanza huuliza: "Padre, safari hii nijaribu kawaida au nipasuliwe tena?" Pengine nyumbani ameshaambiwa kwamba aliyepasuliwa hakuzaa. Neno hilo si la Injili. Mapokeo yasema Mtakatifu Raimundo Nonato, msimamizi wa wakunga na wajawazito, alitolewa tumboni kwa kupasua; Nonato maana yake ni "asiyezaliwa". Mama yake si mzazi?

Madaktari husema kati ya wanaojaribu kawaida baada ya upasuaji mmoja, 60 hadi 80 katika kila 100 hufaulu. Lakini kovu la mfuko wa uzazi laweza kuchanika, kama mara moja katika 200, na hapo kila dakika ni uhai. Basi ajaribu penye chumba cha upasuaji na damu, si nyumbani.

Baba, nenda naye kliniki. Mwulizeni daktari kwa nini alipasuliwa, na kama sababu hiyo ingalipo. Tafuta gari mapema, masika yasiwakute mlimani. Mama mkwe, pika mtori. Utamfaa kwa njia yoyote atakayojifungua.

Kusali na kwenda hospitali havipingani. Tuwasindikize Raheli wetu wafike mapema, wasifie njiani.